Umejuaje? Maswali yenu kuhusu mabishano ya mtandaoni

Safari hii nimeamua kukusanya maswali ya aina moja, manake yamekuja mengi kweli. Mnagombana kwenye magrupu, mnablokiana na ndugu zenu, mnaacha kusalimiana na majirani, na nikisoma barua moja moja naona ugomvi wenyewe umeanzia kwenye klipu ya sekunde 30 ambayo hakuna hata mmoja wenu anajua imetoka wapi. Barua nyingine nimezifupisha kidogo. Mlioomba majina yasitoke hayajatoka.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni admini wa grupu la mtaa, tuko watu zaidi ya 200. Juzi usiku mtu kaleta video, pikipiki inapita mtoto anabebwa, chini kaandika "wameshaingia mtaani kwetu tuwe macho". Nusu saa haijaisha watu wameshaanza kutaja watu, eti kuna vijana wageni wamepanga nyumba fulani ndo wao. Mimi nikaandika jamani tungoje tujue kwanza hii video ni ya wapi, basi nikashambuliwa mimi, kwamba natetea wezi wa watoto, mwingine akasema admini mwenyewe hana mtoto ndo maana haimuumi. Mpaka leo sijui nilikosea wapi, na ikija nyingine sijui nifanye nini.

JIBU: Ndugu yangu admini, kusimama hapo peke yako usiku ule si kitu kidogo, na nataka nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Mwaka 2018 huko India ilizunguka WhatsApp klipu ya watu wawili kwenye pikipiki wanamnyakua mtoto anayecheza barabarani. Asili yake ilikuwa tangazo la kampeni ya usalama wa watoto lililotengenezwa Karachi, Pakistan, na kwenye tangazo lote wale jamaa wanamrudisha mtoto halafu wanaonesha bango la kuwakumbusha wazazi wawe makini. Mtu akakikata kile kipande cha mwisho, basi. Uvumi wa wezi wa watoto ukasambaa pamoja na klipu hiyo na nyingine kama hizo, watu wakauawa na raia wenzao kwenye majimbo kadhaa, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo, kijiji cha Rainpada wilaya ya Dhule jimbo la Maharashtra, wanaume watano waliokuwa wageni pale walipigwa mpaka wakafa. Watano kwa siku moja. Na naamini wengi walioifowadi ile klipu walikuwa wazazi wenye hofu ya kweli, hawakuwa na nia mbaya na mtu.

Sasa tazama kilichotokea kwenye grupu lako. Watu waliuliza "ni nani?" kabla hawajauliza "imetokea?". Hapo ndipo karibu kila ugomvi wa habari za mtaa unapoharibikia, tukio lenyewe bado halijajulikana ila tafsiri yake imeshagawiwa kwa kila mtu, na mtu akishatoa tafsiri mbele ya majirani 200 kurudi nyuma kwake ni aibu, kwa hiyo atailinda hata kama moyoni ameanza kuona shaka.

Ulipokosea labda ni kwenye neno tu. Mzazi mwenye hofu ukimwambia "tungoje" anasikia "hujali". Mara nyingine mpe kazi ya kufanya. Muulize aliyeileta umeipata kwa nani, na huyo naye kaipata kwa nani. Uliza kama kuna mtu yeyote kwenye grupu anamjua kwa jina mzazi aliyepotelewa na mtoto. Waambie wewe unapiga simu kituo cha polisi sasa hivi na utawaletea jibu saa fulani, na kweli uwaletee, hata kama jibu ni kwamba hamna taarifa yoyote. Yale masaa matupu ndiyo yanayojazwa na uvumi. Kule Southport, Uingereza, Julai 2024, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu na siku ileile mtandaoni likaenea jina la uongo la mtuhumiwa, wakasema ni mkimbizi aliyeingia kwa boti, wakati aliyekamatwa alizaliwa Cardiff hapohapo Uingereza, na miji mingi ikaingia kwenye vurugu kwa siku kadhaa.

Halafu una nguvu ambazo naona hukuzitumia. Tangu 2018 admini wa WhatsApp anaweza kufunga grupu wakaandika maadmini peke yao, fanya hivyo kwa saa moja au usiku mmoja, uandike kwa nini umefunga. Ujumbe wowote unaotaja nyumba ya mtu au sura ya mtu ufute palepale, kwenye hilo usijadiliane na mtu. Na angalia zile alama, ujumbe ukiwa na mishale miwili ujue umeshapita mikono mingi, aliyeuleta si shahidi. WhatsApp wenyewe baada ya yale ya India walipunguza kufowadi mpaka chati 5 kwa mara moja, Januari 2019 wakaweka hivyo dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe wenye mishale miwili ukawa unaenda chati moja tu. Walitangaza kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulishuka kwa 70%. Yaani kumpunguzia mtu kasi tu, bila kumkataza kitu.

Video ukitaka kujua ni ya zamani, isimamishe kwenye sehemu inayoonekana vizuri, piga skrinshoti, uitafute Google kwa picha. Ile picha ya papa anaogelea barabarani pembeni ya gari, kila ikipiga dhoruba inarudi kama mpya, imeanza kuzunguka 2011, na papa mwenyewe alikatwa kwenye picha iliyopigwa Afrika Kusini, alikuwa anafuata kamtumbwi baharini. Watu wameibishania miaka na miaka.

SWALI: Shikamoo dada. Nikibishana na mtu kwenye komenti halafu nikaamua kunyamaza, si ndo nakuwa nimeshindwa? Manake jamaa anaanza kuweka emoji za kucheka na watu wanamlaiki.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unamwandikia nani? Kama unamwandikia yeye abadilike mbele za watu, hilo halitokei mara nyingi, mwanadamu hapendi kukubali kosa wakati anachekwa. Waandikie wanaosoma kimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, mwaka 2006 alieleza kitu ambacho mpaka leo kinanisaidia sana, kwamba kwenye jamii za mtandaoni kwa makadirio ya jumla watu 90 kati ya 100 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika karibu kila kitu. Taasisi ya utafiti ya Marekani, Pew, wakaja kupima Twitter kwa watu wazima wa Marekani, ripoti ikatoka 2019, wakakuta 10% ya watumiaji ndio walioandika 80% ya twiti zote. Kwa hiyo huyo anayekucheka na wanaomlaiki ni kikundi kidogo, kuna umati mkubwa hapo nyuma unasoma na hausemi chochote, na wao wanaangalia nani ana chanzo na nani ana matusi. Andika hoja yako vizuri mara moja na chanzo chake, akijibu kitu cha maana jibu mara ya pili, halafu ondoka. Mimi hiyo ya mara mbili naifuata kwa miaka sasa na usingizi wangu umekuwa mzuri.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 63. Kila asubuhi nikifungua simu naona wameiba, wamechoma, wamekaba mtu. Nimeacha kutembea jioni. Wanangu wananiambia mama uhalifu haujaongezeka ni simu yako inakutisha, na tukianza kubishana kwenye grupu la familia wananitumia matakwimu mpaka nalia. Nani mkweli?

JIBU: Shikamoo mama yangu. Kwanza pole, na hao wanao wapunguze kukutumia takwimu kama wanakurushia mawe.

Wanachosema kina ukweli ndani yake. Marekani, ambako mambo haya yamepimwa muda mrefu, takwimu za FBI zinaonesha uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka kwa karibu nusu kati ya 1993 na 2022, lakini kwenye kura za maoni za Gallup za miaka hiyohiyo, mara 23 kati ya 27, watu wasiopungua 60% walisema uhalifu nchini umeongezeka kuliko mwaka uliopita. Mwaka baada ya mwaka, huku unashuka. Ila mama, wakiulizwa kuhusu eneo wanaloishi wenyewe, wanaosema umeongezeka wanakuwa wachache zaidi. Mtu barabara yake anaijua kwa miguu yake, nchi nzima anaijua kwa simu.

Na simu haichagui kwa kufuata ukubwa wa hatari, inachagua kwa kufuata unachokitazama na kukigusa. Kuanzia 2017 Facebook walikuwa wanaihesabu emoji, ikiwemo ile ya hasira, kama laiki tano, hilo lilijulikana nyaraka zao za ndani zilipovuja 2021, na wenyewe walikuwa wameshaiondolea nguvu ile ya hasira mwaka 2020 baada ya kuona inabeba sana posti za uongo na za uchochezi. Kwa hiyo kuna wakati kukasirika kwako kulikuwa kunaivuta posti iwafikie wengine.

Lakini hapa nawageukia wanao. Takwimu za nchi nyingine, au hata za nchi nzima, hazijui kilichotokea nyuma ya nyumba ya mama yenu. Polisi wanahesabu kilichoripotiwa, na sehemu nyingi watu wakiibiwa hawaendi kuripoti. Kumwambia mtu "takwimu zinasema" wakati jirani yake kakabwa wiki iliyopita ni kumwambia macho yake hayana kazi.

Mama, chukua daftari. Mwezi mmoja uandike yale tu yaliyotokea barabarani kwako, tarehe, na aliyekuambia kama aliona mwenyewe. Ya kwenye simu usiyaandike. Mwisho wa mwezi kaa na wanao mlisome pamoja. Likijaa, wao ndio wahangaike kukutafutia taa na mtu wa kutembea naye. Likiwa tupu, utaamua mwenyewe kuhusu jioni zako.

SWALI: Dada mimi na kaka yangu tumenuniana kisa kamera. Jiji wanataka kufunga kamera zinazotambua sura za watu, yeye anaposti kila siku "kama huna kosa unaogopa nini", mimi nikamwambia ni kibaraka na sasa hapokei simu zangu. Nimsamehe au nimsubiri aombe radhi?

JIBU: Uliyetukana ni wewe, kwa hiyo simu ya kwanza ni yako. Tena umpigie, usimwandikie.

Mkishapatana, tenganisheni maswali mawili ambayo mmeyachanganya. La kwanza, je kamera zinapunguza uhalifu na je zinakosea? Hilo lina majibu ya watu waliopima. Mapitio ya utafiti wa miaka 40, yaliyotoka 2019, yalikuta kamera za kawaida zinapunguza uhalifu kwa kama 13%, zaidi kwenye maegesho ya magari, ila kwenye uhalifu wa kupigana na kuumiza watu hawakuona tofauti ya maana. Hapo kaka yako ana kitu na wewe una kitu. Kwenye hizi za kutambua sura, Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 na kukuta nyingi zinafananisha kimakosa sura za watu wa asili ya Afrika na Asia mara 10 mpaka 100 zaidi ya sura za wazungu, inategemea na programu. Kwa hiyo ile "kama huna kosa unaogopa nini" mjibu hivi, aliyefananishwa na mwizi naye hana kosa, na ndiye anayekamatwa.

Swali la pili ni mnakubali kupoteza kiasi gani ili mpate usalama kiasi gani, na hilo hakuna mtafiti wa kuwaamulia. San Francisco Mei 2019 waliamua polisi na idara za jiji wasitumie kabisa hiyo teknolojia, miji mingine imeikaribisha. Hapo ndugu wanaweza kutofautiana mpaka wazeeke bila mmoja kuwa kibaraka. Badala ya kupostiana, andikeni pamoja maswali ya kuwapelekea hao wa jiji, picha zinakaa siku ngapi, nani anaruhusiwa kuzitazama, na mtu akikamatwa kwa kufananishwa analalamika wapi. Nadhani kaka yako naye angependa kuyajua.

SWALI: Sauti ya mwanasiasa inasambaa anasema mambo ya ajabu, nusu wanasema ni akili mnemba, nusu wanasema ni yeye. Mtu wa kawaida anajuaje?

JIBU: Kwa sikio pekee, usijidanganye kwamba unaweza. Sauti za kutengeneza zimekuwa nzuri mno. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu zenye sauti ya kuigiza ya Joe Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo, siku mbili tu kabla ya kura, na mshauri wa siasa aliyeziagiza alipigwa faini ya dola milioni 6. Slovakia Septemba 2023 nayo ilikuwa siku mbili kabla ya uchaguzi, sauti ya kiongozi wa chama eti anapanga kuiba kura, kipindi ambacho kampeni zimezimwa kisheria kwa hiyo hata kujibu ni shida. Ona hizo siku mbili. Kitu kikizuka dakika za mwisho na hakina mtu wala chombo kinachosimama nyuma yake kwa jina, kiache hapohapo ulipokikuta.

Angalia kilianzia akaunti gani, kuna rekodi ndefu au ni kipande tu, waandishi wanaofuatilia siasa hizo wanasemaje, mwenyewe amesemaje. Ila na yeye akisema "ni akili mnemba" usimwamini bure. Wanasheria wawili, Bobby Chesney na Danielle Citron, walilionya hili mapema, kwamba feki zikishazoeleka, muongo anapata faida, anaweza kukana hata rekodi ya kweli. Kwa hiyo anayesema ni kweli na anayesema ni feki wote waulize lilelile, umejuaje? Na kama jibu la wote ni "inasikika tu", basi kwa leo hamna cha kubishania.

SWALI: Dada sijui hata nianzie wapi. Niliposti picha ya kijana kutoka kwenye kamera ya jirani nikaandika ndiye aliyeiba simu za watu, ikasambaa sana, watu karibu 3,000 waliishea. Baada ya siku tatu mwizi halisi akapatikana, ni mtu mwingine kabisa. Yule kijana alikuwa kaja kumtembelea mtu. Nikafuta posti kimyakimya. Nasikia amehama. Silali.

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeirudia mara nyingi kuliko zote.

Kosa hili limefanywa na watu wengi waliodhani wanasaidia. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, Aprili 2013, maelfu ya watu kwenye mtandao wa majadiliano wa Reddit walikaa wakichambua picha kutafuta wahusika, wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea. Hakuhusika kabisa. Alikuwa ameshafariki, mwili wake ukapatikana siku chache baadaye, na familia yake iliyokuwa ikimtafuta ndiyo iliyopokea simu na matusi ya watu wasiowajua. Uongozi wa Reddit uliomba radhi hadharani.

Kufuta kimyakimya hakujamsafisha. Wale 3,000 bado wanajua sura yake kwa jina la mwizi, na skrinshoti zipo. Na usitegemee ukweli utawafikia wenyewe. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walifuatilia habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter kati ya 2006 na 2017, utafiti ukachapishwa 2018, wakakuta za uongo zilikuwa na uwezekano wa 70% zaidi wa kutwitiwa upya kuliko za kweli, na waliozisukuma walikuwa watu, hata roboti zikiondolewa kwenye hesabu. Masahihisho yako yatatembea polepole, kwa hiyo uyasukume kwa mikono yako.

Andika posti mpya palepale ulipoandika ya kwanza, akaunti ileile, iwe wazi kwa wote. Sema mimi ndiye niliyeandika kwamba huyu ni mwizi, si kweli, sikuwa na ushahidi zaidi ya kumwona amepita. Usiandike "inasemekana", usiandike "tulipotoshwa", na picha yake usiiweke tena wala jina lake. Halafu waingie inboksi wale unaowakumbuka walioishea, mmoja mmoja, uwaombe wafute na wao waandike. Magrupu yote ilikofika upeleke. Polisi kama walipokea taarifa yako nenda kaibadilishe kwa maandishi.

Na kabla ya hayo yote mtafute yule kijana, kupitia mwenyeji wake, yule aliyetembelewa, usimwibukie mwenyewe. Muulize kama anataka hiyo posti iandikwe, manake inaweza kuwa ameshapata utulivu huko alikoenda na kelele mpya zitamfuata, uamuzi huo ni wake. Usimwombe akusamehe ili ulale. Mwombe radhi, muulize amepoteza nini, kazi, chumba, chochote, na kinacholipika ulipe. Akikataa kabisa kuongea na wewe, uombe ujumbe mmoja tu umfikie kupitia huyo mwenyeji wake, kwamba siku yoyote akitaka barua yenye saini yako ya kumwonesha mwajiri au mwenye nyumba kwamba hakuiba, ipo tayari. Na hiyo barua uiandike leo.